Upepo Ndani ya Mpira

Juma hili nitazungumza habari za mtumbwi wa mpira, ule unaojazwa upepo. Ukiuona umekunjwa huwezi kuudhania kuwa ni chombo cha majini. Mtu anaubeba mgongoni ndani ya mfuko kama mzigo wa nguo, anafika nao ufukoni, anautandaza mchangani, anaupiga pampu, na baada ya dakika kumi hivi yumo majini na kafi mkononi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanauita kayaki, kwa kuazima jina la mtumbwi mwembamba wa ngozi wa Wainuiti, wawindaji wa nchi za barafu. Wanautumia kwa michezo na matembezi, na wageni wengine huja nao hata huku kwetu.

Vitabu vinavyofundisha mchezo huo huanza na orodha. Pampu, kafi, jaketi la kujiokolea, viraka na solusheni, mfuko usiopitisha maji, viatu, kamba, kofia ngumu. Mtu asiyejua ataona kuwa orodha ile ni tamaa ya wenye maduka, na kwa vitu vingine ni kweli. Lakini nimejaribu kufuatilia kila kitu kilitoka wapi, na nimeona kuwa vile vya lazima viliingia ndani ya mfuko baada ya watu kufa au kuponea chupuchupu. Mtumbwi wenyewe ni hewa tu. Kinachomrudisha mtu nyumbani ni vile vidogo vinavyofuatana nao.

Kuelea kwa upepo ni jambo la kale sana. Katika jumba kuu la makumbusho la London yamo mawe yaliyochongwa kwa ajili ya Ashurnasirpal wa Pili, mfalme wa Ashuru, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Mojawapo linaonyesha watu wakivuka mto huku adui akiwapiga mishale kutoka ng'ambo. Kuna waliokumbatia viriba vya ngozi, na ukitazama vizuri utaona mdomo wa mtu umebaki kwenye shingo ya kiriba. Anaogelea huku anapuliza. Aliyechonga jiwe lile alijua kuwa kiriba hakishiki upepo muda mrefu, na kwamba lazima uongezewe njiani. Pampu ya kwanza, basi, ilikuwa kinywa cha mtu anayekimbia mauti.

Katika nchi hiyohiyo, Iraki ya leo, viriba viliendelea kufanya kazi hadi zama za babu zetu. Mafundi wa mto Tigris walifunga viriba vingi chini ya jukwaa la miti, wakashuka nalo na mkondo wa maji hadi Baghdad. Walipofika waliuza miti, wakatoa upepo, wakapakia ngozi juu ya punda na kurudi kwao kwa miguu. Mwingereza Austen Henry Layard alipochimbua masalio ya Nimrud, mwaka 1847 alisafirisha sanamu kubwa za mawe za fahali na simba wenye mabawa juu ya mamia ya viriba vya namna hiyo. Jiwe la tani nyingi lilibebwa na pumzi.

Sasa twende kaskazini mwa Kanada, maana huko ndiko hadithi ya mtumbwi wetu inakoanzia. Mwaka 1821 nahodha John Franklin wa Jeshi la Majini la Uingereza alikuwa anarudi kutoka pwani ya bahari ya barafu na watu wake 19. Mitumbwi yao ilikuwa mizito, nao walikuwa wameishiwa chakula. Wapagazi waliokuwa na njaa walianguka nayo mara kwa mara hadi ikavunjika yote. Mwishoni mwa Septemba walifika kwenye mto Coppermine. Kambi ilikuwa ng'ambo, chakula kilitumainiwa kuwa ng'ambo, na mto haukuwa mpana sana. Lakini hakuna aliyekuwa na kitu cha kuvukia.

Daktari wa msafara, John Richardson, alijifunga kamba kiunoni akajitosa kuogelea ili apeleke kamba upande wa pili. Maji yalikuwa karibu kuwa barafu. Mikono ikafa ganzi, akageuka chali akatumia miguu, na miguu nayo ikafa ganzi, akazama. Walimvuta kwa ileile kamba, amekuwa kama maiti. Mwishowe mmoja wao, Pierre St Germain, alitengeneza kijitumbwi cha matawi na turubai walilofungia matandiko, wakavuka mmojammoja. Zaidi ya juma moja lilikuwa limepotea kando ya mto ule, nao walikuwa wakila ukoga wa mawe na ngozi za viatu. Katika watu 20, walirudi 9.

Habari hizo zilijulikana sana Uingereza, na zilijulikana zaidi nyumbani kwa kijana mmoja aitwaye Peter Halkett, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Hudson's Bay iliyofanya biashara ya ngozi huko Kanada. Halkett akawa luteni wa Jeshi la Majini. Katika miaka ya 1840 alibuni kitu ambacho mpaka leo ukikisoma utacheka kwanza, kisha utanyamaza. Lilikuwa koti. Koti refu la mvua, la kitambaa kilichopakwa mpira, na ndani ya bitana yake kulikuwa na vyumba vinne vya upepo, kila kimoja peke yake. Katika mfuko mmoja wa koti kulikuwa na mivukuto midogo, kama ya mhunzi. Katika mfuko wa pili kulikuwa na ubapa wa kafi, wa kuchomekwa kwenye bakora ya kutembelea. Mwavuli ukawa tanga. Mwenye koti alifika mtoni, akavua, akavukuta kwa dakika tatu au nne, akaingia majini. Baadaye akatengeneza na mtumbwi mkubwa zaidi, wa watu wawili, uliokunjwa na kubebwa mgongoni.

Naomba wasikilizaji waitazame tena orodha ya Halkett: mivukuto, kafi la kukatika vipande viwili, vyumba vya upepo vilivyotengana, mfuko wa kubebea. Ni orodha ileile ya vitabu vya leo, kasoro jaketi na viraka. Yule bwana hakuuza mtumbwi pekee, aliuza safari nzima ndani ya mfuko. Tena kile cha vyumba kutengana ndicho kikubwa kuliko vyote, maana kikitoboka kimoja, vitatu vinakushikilia hadi nchi kavu. Wenye mitumbwi ya bei rahisi ya kuchezea ya siku hizi, yenye chumba kimoja tu, wangefaa kulijua hilo.

Wakubwa wa Jeshi la Majini walimjibu mwaka 1845 kwamba ubunifu wake ni wa akili nyingi na unaweza kuwafaa wapelelezi wa nchi, ila hawaoni matumizi yake katika kazi za kawaida za jeshi. Ndiyo majibu ya maofisini, hayana taifa. Lakini daktari John Rae, mtembezi hodari wa nchi za barafu, alichukua mtumbwi wa Halkett katika safari yake ya 1846 na 1847. Aliutumia kutega na kukagua nyavu za samaki, yaani kujilisha yeye na watu wake, na akausifu sana. Mmoja kati ya ile michache iliyobaki unaonekana hadi leo katika jumba la makumbusho la Stromness, visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti.

Wakati Halkett anashona koti lake, Marekani kulikuwa na mtu mwingine aliyejifunza mambo hayohayo kwa njia ya maumivu. Luteni John C. Frémont alitumwa na serikali yake mwaka 1842 kupima njia za magharibi. Alichukua mashua ya mpira yenye urefu wa futi 20 na upana wa futi 5, na tarehe 24 Agosti akaamua kuteremka nayo mto Platte mahali unapopita katikati ya majabali. Ndani alipakia vyombo vya kupimia nyota, vitabu, kumbukumbu za safari nzima na chakula. Mwanzoni mashua iliruka juu ya mawe kama mpira wa kuchezea, nao wakafurahi, wakaimba. Kisha ikagonga jabali lililofichika, ikapinduka. Baadhi ya watu wake hawakujua kuogelea. Mmoja aliokolewa kwa kushikwa nywele. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumweleza juu ya maji. Mto ukafunikwa na madaftari, masanduku na mablanketi. Baadhi ya madaftari waliyaokota, lakini vyombo vingi vilizama, na kazi nyingi ya miezi ilikwenda na maji kwa dakika moja. Frémont mwenyewe alipanda majabali kurudi kambini akiwa na kiatu kimoja tu, akikanyaga mawe makali na miiba ya dungusi.

Mnaona? Mzigo haukufungwa mashuani, watu hawakuwa na maboya, viatu havikufungwa miguuni. Mambo matatu kwa pigo moja. Mafundi wa leo wanapomwambia mwanafunzi wao avae viatu vyenye kamba hata akiwa ndani ya maji, mwanafunzi hucheka, kwa sababu anadhani atakaa mtumbwini siku nzima. Viatu ni vya safari ya kurudi.

Mwaka uliofuata, Septemba 1843, Frémont alirudi na mashua nyingine ya mpira, safari hii kwenye Ziwa Kuu la Chumvi, huko Utah. Alitaka kufika kisiwani. Aliyeitengeneza alikuwa amefanya haraka, akaunganisha vipande kwa gundi tu badala ya kushona. Walipokuwa mbali na ufuko upepo ukaanza kuvuja katika vyumba viwili. Basi mtu mmoja alikaa na mivukuto, hakupiga kafi, hakutazama mandhari, kazi yake ilikuwa kuvukuta tu, huku wengine wakivuta makasia. Walifika. Kisiwa kilikuwa kikavu, hakina mti wala mnyama, na Frémont akakiita Kisiwa cha Kuvunjika Moyo. Wakati wa kurudi mawimbi yalikuwa yameanza kuinuka, wakavuta kwa nguvu zao zote. Kwa maoni yangu shujaa wa safari ile ni yule aliyeshika mivukuto. Tangu siku zile pampu haiachwi ufukoni. Inapanda mtumbwini pamoja na abiria.

Swali la gundi na mishono linatupeleka kwenye mpira wenyewe. Kitambaa alichotumia Halkett kilitokana na ubunifu wa Charles Macintosh wa Glasgow, aliyepata hati yake mwaka 1823 kwa kubandika vitambaa viwili na kuweka mpira ulioyeyushwa katikati. Kilizuia mvua, lakini kwenye joto kilinata na kwenye baridi kilikauka kama ubao. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukichanganywa na kiberiti na kupata moto hautanata wala kukakamaa, akapata hati mwaka 1844. Kisha mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo, na dunia nzima ikawa inataka mpira.

Hapo, wasikilizaji wangu wa Kongo wanajua ninakokwenda. Mpira mwingi wa miaka ile ulikamuliwa kutoka kwenye mitambaazi ya msituni katika nchi ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliifanya mali yake tangu 1885 hadi 1908. Wanaume walitumwa porini, wake zao wakawekwa rehani mpaka kikapu kijae. Waliopungukiwa walichapwa viboko, vijiji vikachomwa moto, watu wakakatwa mikono. Taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904, ndiyo iliyowafanya watu wa Ulaya washindwe kusema hawakusikia. Mpira ule ulikwenda kwenye matairi na mikanda ya mashine zaidi kuliko kwenye mitumbwi, ni kweli. Lakini ni mpira uleule, na mtu anayeandika historia ya vitu vya kuchezea majini akaruka ukurasa huo anadanganya.

Hata Tanganyika ilikuwa na sehemu yake. Wajerumani walipanda miti ya mpira kutoka Brazili huko Tanga na Morogoro, na bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza wakaikumbuka miti ile iliyozeeka, ikakamuliwa tena, na vibarua wengine walichukuliwa kwa nguvu kwenda kuikamua. Vita ilihitaji matairi, na ilihitaji pia mashua za mpira za marubani walioangukia baharini.

Kuhusu kutengeneza palipotoboka sina haja ya kusema mengi, kwa kuwa kila fundi baiskeli chini ya mwembe anaijua kazi hiyo: kukausha, kusugua kwa msasa, kupaka solusheni, kungoja ikauke kidogo, kubandika na kugandamiza. Tofauti ni moja tu. Mpira wa asili siku hizi hautumiki sana kwenye mitumbwi hii. Mwaka 1930 wanakemia wa kampuni ya DuPont walipata neopreni, mpira wa kiwandani usioharibiwa na mafuta, na baadaye zikaja plastiki za namna nyingine. Kila aina ina gundi yake. Solusheni ya baiskeli haishiki vizuri kwenye plastiki, na jambo hilo ni afadhali kulijua ukiwa nyumbani.

Nimeliweka jaketi la kujiokolea nyuma makusudi, kwa kuwa lina hadithi inayotosha peke yake. Mwaka 1854 nahodha John Ross Ward, mkaguzi wa chama cha waokoaji wa baharini cha Uingereza, alibuni jaketi la vipande vya gome jepesi, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, vilivyoshonwa juu ya turubai. Wavuvi wengi hawakulipenda. Lilibana, lilizuia mikono, na lilimfanya mtu aonekane mwoga. Tarehe 9 Februari 1861 tufani iliingia mji wa Whitby, pwani ya mashariki ya Uingereza. Waokoaji wa mji ule, watu 13, walikuwa wamekwisha kuwatoa mabaharia wa meli kadhaa siku hiyohiyo, wakaingia tena majini. Mawimbi mawili yaliyogongana yakaipindua mashua yao mbele ya macho ya mji mzima. Watu 12 wakafa. Aliyepona ni mmoja, Henry Freeman, na ndiye pekee aliyekuwa amevaa jaketi la mtindo mpya. Baada ya hapo hapakuhitajika hotuba.

Gome lile likafuatwa na sufi. Ndiyo, sufi hiihii ya mito yetu ya kulalia, ya mti wa msufi. Uzi wake ni kama mrija mwembamba wenye hewa ndani na nta nje, kwa hiyo hauloi upesi na huelea sana. Jaketi za sufi zilitumika majeshini kwa miaka mingi. Sufi nyingi ilitoka Java, na Wajapani walipoichukua Java, Wamarekani waliwatuma watoto wa shule kuokota nyuzi za mmea fulani wa porini kwao. Mifuko miwili ilitosha kujaza jaketi moja. Wakati huohuo marubani walivaa jaketi la kujazwa upepo, lililobuniwa na Mmarekani Peter Markus mwaka 1928. Hilo ni zuri kwa rubani aliyebanwa ndani ya ndege. Kwa mtu wa kayaki mtoni halifai sana, kwa sababu anayegonga kichwa kwenye jiwe hana nafasi ya kuvuta uzi. Lake ni lile la sponji, linaloelea lenyewe bila kuulizwa.

Baada ya vita mwaka 1945 mashua za mpira za jeshi ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini, watu wakaanza kuteremka nazo mito mikali kwa starehe. Huo ndio mwanzo wa mchezo wa leo. Lakini wako waliokwenda mbali zaidi. Daktari Mfaransa Alain Bombard aliondoka Las Palmas tarehe 19 Oktoba 1952 peke yake katika mashua ya mpira isiyofika mita tano, akafika Barbados tarehe 23 Desemba, siku 65, amepungua kilo 25. Alitaka kuonyesha kuwa mtu aliyezamishwa anaweza kuishi kwa samaki na maji ya baharini kidogokidogo. Hoja yake ya kunywa maji ya bahari imepingwa sana na madaktari, nami nasema msiijaribu. Katika safari ile kuna dakika chache zinazonivutia kuliko siku zote 65. Mto wake wa kukalia ulianguka majini, akajitosa kuufuata. Alikuwa ametupa nanga ya kuelea, ile ya kitambaa inayofanana na mwavuli, ili mashua isiende mbali. Nanga ikajisokota, haikufunguka, na mashua ikaanza kumwacha katikati ya Atlantiki. Nanga ilipofunguka yenyewe ndipo akaifikia. Kamba ya mita chache kutoka kiunoni hadi mashuani ingemwondolea habari hiyo yote.

Mwaka 1956 daktari Mjerumani Hannes Lindemann alivuka bahari hiyohiyo kwa siku 72 katika kayaki ya kukunjwa, ya fremu ya mbao na kitambaa, yenye mirija ya upepo ubavuni. Aliongezea mbawa kama ya ngalawa, iliyotengenezwa kwa nusu ya mpira wa ndani wa tairi la gari. Alipinduka mara mbili, na mara moja alilala usiku mzima juu ya tumbo la mtumbwi akingoja kupambazuke. Bwana huyu alikuwa amefanya kazi ya udaktari Liberia, na mwaka mmoja kabla alivuka kwa mtumbwi wa gogo wa huko. Kumbe fundi wa kiafrika na fundi wa Ulaya walimfikisha wote wawili.

Sipendi mtu adhani mambo haya ni ya wanajeshi na madaktari wenye vichwa vigumu. Bibi Audrey Sutherland wa Hawaii, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2015, alikuwa mama wa watoto wanne na mfanyakazi wa ofisini. Mwaka 1962 aliogelea kufuata pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Molokai, penye majabali marefu yasiyo na barabara, akiburuta mzigo wake nyuma kwa kamba. Baadaye akaona mtumbwi wa upepo ni nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alichukua kayaki ya mpira hadi Alaska na akapiga kafi peke yake maili 850 kwa siku 85. Mwanamke wa umri ule hawezi kunyanyua mtumbwi wa mbao juu ya mawe maji yanapokupwa. Wa mpira anaubeba. Alikuwa mtu wa orodha. Kila kitu kilipimwa, kilijaribiwa nyumbani, na kile kisichokuwa na kazi mbili aliona heri kikae.

Kuna hatari mbili ambazo majabali hayana habari nazo. Ya kwanza ni jua. Hewa ikipata joto hutanuka, na mtumbwi uliojazwa ukawa mgumu asubuhi kisha ukaachwa ufukoni saa saba mchana unaweza kupasuka mishono. Ndiyo maana kipimo cha upepo ni kifaa cha lazima, na mwenye akili hupunguza upepo anapoupandisha nchi kavu, kisha akiingia tena kwenye maji baridi huongeza. Ya pili ni upepo wa nje. Mtumbwi huu ni mwepesi na umekaa juu ya maji kama jani. Watengenezaji huweka pezi dogo chini yake ili usizunguke, lakini pezi haliwezi kushindana na upepo unaotoka nchi kavu kuelekea baharini. Watu wa pwani yetu wanaufahamu upepo huo wa alfajiri. Ndio unaowapeleka wavuvi kazini. Mwenye tanga anajua atarudi na upepo wa jioni. Mwenye mtumbwi wa mpira na kafi moja hana uhakika huo.

Na sisi je? Mwaka 1996 pale Jinja, Uganda, mto Naili unapotoka ziwani, ilianza biashara ya kuwateremsha watalii katika maporomoko kwa mashua za mpira. Kila mgeni alivalishwa jaketi na kofia ngumu kabla hajakanyaga maji, na alifundishwa namna ya kuelea miguu ikiwa mbele. Jirani yao, kwenye maporomoko ya Bujagali, vijana walijitosa kwa fedha kidogo za wageni wakiwa wamekumbatia dumu tupu la lita 20. Tofauti kati ya dumu lile na kiriba cha Ashuru ni rangi ya njano.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Mei 1996, upande wa pili wa ziwa hilohilo, meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Mamia walikufa. Walikuwamo waliokuwa bado hai ndani ya tumbo la meli, kwenye hewa iliyonaswa humo, na walisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa bati ili wawatoe. Hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye alipatikana mtu mmoja mzima, ndani ya chumba ambacho hewa ilikuwa imebaki.

Huwa nasikia watu wakisema jaketi ni mambo ya watalii. Kila usiku taa za wavuvi wa dagaa zinawaka ziwani kama mji, na wengi katika mitumbwi ile hawana jaketi. Wana madumu matupu waliyoyafunga pembeni, wakitumaini kuyashika. Katika ile orodha ndefu ya kayaki, pampu hawaihitaji, wala pezi, wala kipimo cha upepo. Jaketi moja la sponji kwa kila kichwa, na kamba ya kufungia dumu ili lisiende na mawimbi, hivyo ningeviomba vipewe nafasi kwenye bajeti ya kila mwenye mtumbwi kabla ya karabai mpya.

Maporomoko ya Bujagali hayapo tena. Maji ya bwawa la umeme yaliyafunika mwaka 2011, na biashara ya mashua za mpira ikahamia chini zaidi mtoni. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za minara ya taa ya pwani yetu na watu walioiwasha.